Otomatiki au manyuo? Anza kuchagulia kwenye foleni ya Mandela

Klachi yangu ilikata roho Kimbiji, jioni ya Jumapili, mchanga umemeza tairi za nyuma na maji ya bahari yanaanza kupanda. Gari lilikuwa mkonga, Land Cruiser 70 ya manyuo, yaani ya gia za mkono na klachi, yenye injini ya 1HZ, gari ambalo Dar nzima inaliapia kwa safari za porini. Harufu ilitangulia. Klachi ikiungua hainuki kama mpira wala plastiki, inanuka kama nywele zilizopitishwa motoni, na ikikuingia puani mara moja huisahau. Nilikanyaga mafuta, injini ikanguruma, tairi zikabaki zimetulia. Tulivutwa na trekta la mwenye shamba jirani, maji yakiwa hatua kumi kutoka kwenye bampa.

Kesho yake giaboksi ilishushwa gereji, Ilala. Fundi wangu ni mzee, nami humwamkia shikamoo kabla ya kumweleza shida ya gari. Aliniita chini ya gari, akaniwekea mkononi pleti ya klachi, kile kisahani kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi. Ilikuwa imelika pande zote mpaka riveti zinaonekana, na flaiwili, gurudumu zito la injini ambalo pleti inabanwa nalo, ilikuwa na madoa ya bluu na nyufa nyembamba kama za chungu kilichopasuliwa na moto.

"Mwanangu," akaniambia, "hii haikufa Kimbiji. Imekufa Mandela. Kimbiji ilikwenda kuzikwa tu."

Ilinichukua muda kumwelewa. Nakaa Tabata, kazi yangu iko Kurasini. Asubuhi naingia Barabara ya Mandela, Buguruni, TAZARA, nyuma ya malori ya makontena yanayokwenda bandarini. Unasogea urefu wa gari moja, unasimama, unasogea nusu, unasimama. Siku moja nilijaribu kuhesabu ni mara ngapi nakanyaga klachi kutoka nyumbani hadi kazini. Nilipovuka mia mbili nikaacha. Hiyo ni safari ya kwenda tu. Porini nilikuwa naenda labda mara moja kwa mwezi.

Nayaandika haya kwa sababu mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, anajenga pikapu yake ya Hilux na ameniuliza swali lile lile linaloulizwa kila siku: kaka, nichukue otomatiki au manyuo? Watu wengi wanaojibu swali hili wanaongelea matope, milima na mito. Mimi namwambia aanze na siku ishirini na tano za mwezi ambazo gari halitaona tope. Gari la porini la mtu wa Dar ni gari la foleni kwanza. Ukilichagua kwa kuiwazia Mikumi peke yake, jiji litakudai.

Baada ya mkonga nilichukua Land Cruiser 80 ya 1995, otomatiki, yenye injini ya 1HD-FT. Niliogopa. Nilikuwa nimelelewa kwenye imani kwamba otomatiki ni ya mashangingi ya wakubwa na ya akina mama wa Masaki, na kwamba mwanaume wa porini hushika gia mwenyewe. Imani hiyo imewagharimu watu hela nyingi, na ningependa ife. Toyota wenyewe, waliouza 70 ya kazi na gia za mkono kwa miongo mingi tangu 1984, sasa wanaiuza pia ikiwa na injini ya 2.8 na otomatiki ya gia sita.

Kinachofanya otomatiki iwe nzuri mchangani ni rahisi kukielewa ukishakiona. Kati ya injini na giaboksi hakuna pleti ya klachi, kuna konveta, yaani chungu cha chuma kilichojaa mafuta. Injini inazungusha mafuta, mafuta yanasukuma mapanga ya upande wa pili. Gari likiwa limesimama au linatambaa, konveta inaongeza nguvu inayofika kwenye giaboksi, kwa magari mengi karibu mara mbili. Halafu gia zikibadilika, msukumo haukatiki. Kwa manyuo, ukikanyaga klachi kuhama gia mbili kwenda tatu katikati ya mchanga wa Kimbiji, ile nusu sekunde inatosha. Gari linapoteza mwendo, tairi zinazama, na unapoachia klachi unazichimbia kaburi.

Tupige hesabu ya mfano. Chukua manyuo yenye gia moja ya 4, yaani injini inazunguka mara 4 ili gia itoe mzunguko mmoja, transfa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma) ya chini ya 2.5 na difu (gia za kwenye ekseli) ya 4.1. Zidisha, unapata 41: nguvu ya injini inafika kwenye tairi ikiwa imeongezwa mara 41. Otomatiki yenye gia moja ya 2.9, kwa transfa na difu zile zile, inakupa kama 30. Kwenye karatasi manyuo imeshinda. Lakini konveta ikiongeza nguvu karibu mara mbili wakati wa kuondoka, ile 30 inavuta kama 60. Ndiyo maana otomatiki inapanda jiwe polepole bila kuruka wala kuzima, na mguu wako wa kushoto umekaa umepumzika.

Sasa ubaya wake, na hapa nataka usome taratibu.

Nguvu ile ya konveta inalipiwa kwa joto. Mafuta yakikorogwa bila gari kusogea yanachemka, na mafuta ya otomatiki ndiyo damu yake: yanapoza, yanalainisha, yanasukuma vali na kubana klachi ndogo zilizomo ndani. Mwisho wa Aprili, masika yamekolea, nilikuwa njia ya Kibiti kwenda Mloka. Wanaoijua njia hiyo wanajua lile tope jeusi. Halishiki tairi, linaivaa. Baada ya mita mia, tairi za kukanyagia matope zinakuwa laini kama maandazi, na gari zima linakokota kilo na kilo za udongo. Nilikuwa kwenye 4H, gia ya juu ya transfa, nakanyaga mafuta, gari linakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Nikaona taa ya joto la mafuta ya giaboksi imewaka kwenye dashibodi. Nilikuwa sijawahi kuiona ikiwaka.

Nilichofanya sahihi ni kimoja: sikuzima injini. Nilisimama, nikaweka P, gia ya kuegesha, nikaiacha injini ingurume kidogo juu ya mzunguko wa kawaida, ili pampu iendelee kupeleka mafuta kwenye rejeta yapoe. Ukizima, mafuta yanakaa palepale yanaungua. Taa ilipozimika niliingiza 4L, gia ya chini ya transfa, ambayo ndiyo nilitakiwa kuwa nayo tangu mwanzo. Watu wanadhani gia ya chini ni ya milima tu. Kwa otomatiki, gia ya chini ni dawa ya joto, kwa sababu injini inazunguka vizuri, konveta haihangaiki, na gari lile lile kwenye tope lile lile linafanya kazi bila kutokwa jasho. Na nilishusha upepo wa tairi, jambo nililokuwa nimelionea uvivu.

Niliporudi mjini nilifunga kipozeo cha pembeni cha mafuta hayo mbele ya rejeta, chenye feni yake, pamoja na geji ya joto la mafuta ya giaboksi. Nikiwa barabarani geji inacheza kwenye nyuzi 80 hadi 95. Ikianza kuinyemelea 120, nasimama. Hiki kipozeo si pambo. Ukiniambia umejenga otomatiki ya porini, umeweka winchi, bampa la chuma, taa za juu na tairi za inchi 33, lakini hujaweka kipozeo, nitakwambia ondoa taa uweke kipozeo. Tairi kubwa peke yake zinaiongezea giaboksi mzigo hata ukiwa Morogoro Road.

Kuna mahali manyuo inashinda na sitaki kumficha mtu. Kuteremka. Nilipeleka magari yote mawili Mgeta, kule Uluguru, kwa nyakati tofauti, na kuteremka na mkonga kwenye gia moja ya 4L ilikuwa raha: injini inashika gari, miguu yote miwili iko chini, unageuza usukani tu. 80 kwenye L, gia ya chini kabisa ya otomatiki, inashika pia, lakini inateleza kidogo kidogo, inabidi uisaidie na breki, na breki zikipata moto kwenye mteremko wenye tope unaanza kusali. Tena kwa manyuo, injini ikikuzimikia katikati ya mlima, usikimbilie klachi kabla ya breki. Shika breki kwa nguvu, kanyaga klachi uingize gia ya nyuma ukiwa 4L, achia klachi kabisa, washa ufunguo huku gari likiwa kwenye gia, achia breki taratibu. Litawaka na kurudi chini likiwa limeshikwa. Kwenye magari mapya yasiyowaka mpaka ukanyage klachi, mbinu hii haifanyi kazi, kwa hiyo jaribu nyumbani kabla hujaihitaji.

Betri ikifa porini, manyuo inasukumwa na watu wanne na inawaka. Otomatiki hata wakisukuma kijiji kizima haiwaki. Beba betri ya pili. Na ukilazimika kuvutwa masafa marefu, hakikisha transfa iko N, yaani huru, la sivyo unazungusha giaboksi isiyo na pampu inayofanya kazi, na utafika mjini na giaboksi mbovu kuliko tatizo ulilotoka nalo.

Majini, kila mmoja ana adabu zake. Ukiwa na manyuo, ukishaingia mtoni usiguse klachi mpaka utoke, maji yakiingia kati ya pleti na flaiwili inateleza hapohapo. Ukiwa na otomatiki, vuta mipira ya kupumulia ya giaboksi, transfa na difu iishie juu kwenye injini, maana chuma cha moto kikizama ghafla kwenye maji ya baridi kinavuta hewa, na kama hakuna hewa kinavuta maji.

Kuna swali moja ambalo mdogo wangu hakuliuliza, nikamuuliza mimi: nani mwingine ataliendesha? Klachi hufa kwa mguu, otomatiki hufa kwa joto na mafuta yaliyosahaulika. Kama pikapu itapewa dereva wa kubeba mbolea na magunia, wewe hupo, na dereva ana tabia ya kupumzisha mguu juu ya klachi, unajua itakapoishia. Lakini klachi ikifa Kibiti, fundi wa Kibiti ataibadilisha chini ya mwembe, kwa spea zilizopanda basi kutoka Gerezani asubuhi yake. Otomatiki ikifa Kibiti, gari linapanda lori kurudi Dar. Kwa hiyo pikapu ya shamba la familia, huko Rufiji, bado ni manyuo na itabaki manyuo. Gari langu ninaloliendesha mwenyewe, lenye kulala kwenye foleni siku tano ili lipate siku mbili za mchanga, ni otomatiki. Mdogo wangu nimemshauri otomatiki, kwa sababu anakaa Mbagala, anafanya kazi Posta, na ataliendesha yeye peke yake.

Nilimkataza jambo moja kwa ukali: asinunue gari la otomatiki kwa kuwa bei yake ni nafuu, akitegemea kulibadilisha kuwa manyuo baadaye. Nimeona watu wakiliingia hilo. Inatakiwa giaboksi, flaiwili, pedali, pampu za klachi, kikalio cha giaboksi, mara nyingi propela ikatwe au irefushwe, halafu kompyuta ya injini inakaa inaitafuta otomatiki yake isiyoipata, na gari linawasha taa kila siku. Nunua gari likiwa na giaboksi unayoitaka.

Na ukienda kuliangalia, usiende mikono mitupu. Beba kitambaa cheupe. Mwambie mwenye gari mlizungushe kwanza mpaka lipate moto, simameni mahali palipo sawa, injini ikiwaka, ukiwa umekanyaga breki pitisha gia zote taratibu kutoka P mpaka L na kurudi P. Kisha chomoa dipstiki ya giaboksi, kile kijiti cha kupimia mafuta, ipanguse, irudishe, ichomoe tena, ufute kwenye kitambaa. Mafuta yakiwa mekundu na safi, endelea kuzungumza bei. Yakiwa ya kahawia na yana harufu ya kuungua, giaboksi imeshapikwa. Yakiwa ya waridi na mazito kama maziwa ya mtindi, maji ya rejeta yameshaingia ndani. Mrudishie mwenye gari ufunguo wake na umshukuru kwa muda wake. Na akikwambia gari limeshapata moto tangu asubuhi, hakuna haja ya kulizungusha, lizungusheni hivyo hivyo.