Miti ya kuanza nayo ukifika Limpopo

Ndugu, umesema unahamia Limpopo, Afrika Kusini, kikazi, na kila ukitazama porini unaona "vichaka tu". Usijali. Shika mitatu minne, mingine utaizoea.

Anza na mopane, maana umejaa kila mahali. Chuma jani moja: ni vijani viwili vilivyoshikana kwenye kikonyo kimoja, mfano wa mbawa za kipepeo. Lisugue, utasikia harufu ya tapentaini. Saa sita jua likiwaka, vijani hivyo hujikunja pamoja, kwa hiyo kivuli chake hakifai kitu. Usitandike mkeka hapo. Viwavi wanaokula majani hayo huliwa na watu, na sokoni utawakuta wamekaushwa. Wajaribu waliokaangwa kwa nyanya na vitunguu, halafu uniambie.

Marula unaujua tayari, ndio mng'ongo wetu. Tunda hudondoka likiwa kijani, likaivia chini na kuwa la manjano, kati ya Januari na Machi hivi. Kokwa usitupe, ndani mna mbegu tamu. Mti usiozaa kabisa huenda ni dume. Zile hadithi za tembo kulewa marula, cheka tu.

Mbuyu hauhitaji utangulizi. Kwenye mabonde yenye maji utaona mgunga wenye gome la kijani-njano; upitishe kidole, unabaki na unga. Wazungu wa zamani waliulaumu kwa malaria, kumbe ni mbu wa maji yale yale.

Ila usianze kujifunza Agosti, mingi huwa imepukutika.