Kunyimwa Usajili si Kupigwa Marufuku

Msomaji wa Mbale anauliza: "Redioni walisema kwamba Marekani iliwahi kulipiga marufuku jina la bendi ya The Slants. Mwenzangu akadai kwamba lilikataliwa kusajiliwa tu. Nani kati yao amesema Kiswahili sahihi?"

Mwenzako, bila shaka. Mtangazaji wako ni mmoja wa wale ninaobishana nao kila asubuhi hadi chai inapoa. Siku hizi hakuna kinachokataliwa, kinachozuiliwa wala kinachoahirishwa. Vyote vinapigwa marufuku. Juzi nilimsikia mmoja akitangaza kwamba mvua imeipiga marufuku mechi, kana kwamba mawingu nayo yana bunge. Marufuku ni amri ya mwenye mamlaka kwamba jambo lisitendwe, na atakayelitenda atajibu. Ombi hukataliwa, na mwombaji hunyimwa alichokiomba. Kusajili nako, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni kuandika daftarini, basi.

Chukua rolex. Simaanishi saa ya Uswisi, ambayo jina lake liliandikishwa mwaka 1908, bali chapati yetu inayoviringishwa pamoja na mayai, kabichi na nyanya, ambayo husemwa ilipata jina kwa kutamka haraka maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyoviringishwa. Tuseme mkaangaji wa Wandegeya anakwenda URSB, ofisi ya Uganda inayosajili biashara na alama zake, kuomba jina hilo liwe alama yake ya biashara, na msajili anamkatalia kwa kuwa lina mwenyewe. Je, neno limepigwa marufuku? Hata kidogo. Jioni ile ile mwanafunzi wa Makerere ataagiza rolex ya mayai mawili kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara, wa nyuma yake ataagiza ya mayai matatu, na hakuna askari atakayemkamata yeyote kwa kulitamka. Mwenye saa akiamua kumshtaki mkaangaji, hiyo ni kesi nyingine. Msajili amemnyima cheti cha kuwazuia wafanyabiashara wengine, lakini hakumnyima ulimi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Simon Tam na wenzake wa The Slants, Wamarekani wenye asili ya Asia, waliolichukua tusi la kuwadhihaki watu wa asili yao kwa macho yao, wakalifanya jina la bendi ili kulitoa makali. Walinyimwa usajili kwa sheria ya mwaka 1946 iliyokataa alama za kudhalilisha watu, lakini waliendelea kupiga muziki kwa jina lile lile.

Najua kuna wakili atakayenikumbusha kwamba mwaka 2017 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilikiona kifungu hicho kuwa kinavunja uhuru wa kusema, na kwamba mwaka 2019 ikakiondoa pia kile cha alama zinazokiuka maadili. Nakubali, tena bila kinyongo: kunyimwa nako kunaweza kuubana uhuru, serikali inapochagua maoni ya kuyapa cheti na ya kuyanyima. Lakini hata hapo ubishi ulikuwa juu ya cheti. Mwaka 2024 mahakama hiyo hiyo ilikubali kwamba Steve Elster, aliyetaka kuyaweka kwenye fulana maneno ya kumkejeli Trump, anyimwe usajili wa maneno hayo, kwa kuwa yalibeba jina la mtu aliye hai ambaye hakuridhia, na uamuzi huo haukumzuia mtu kuivaa fulana yenye maneno hayo wala kuiuza.

Sheria yetu ya Alama za Biashara ya mwaka 2010 nayo haimruhusu msajili kuandikisha alama iliyo kinyume cha maadili, ilhali Ibara ya 29 ya Katiba inalinda uhuru wa kusema. Siku viwili hivyo vitakapogongana mahakamani Kampala, namwomba mtangazaji aseme kwamba mwombaji "amenyimwa usajili". Likimshinda, na aseme "amekataliwa", nami nitavumilia na kuinywa chai yangu ingali moto.