Daktari Kasema Upumzike, Nyapara Je?

Juzi dada mmoja anayepaki biskuti kiwandani aliniandikia. Anasumbuliwa na UTI, ugonjwa wa njia ya mkojo, inapona, inarudi, na kila akienda zahanati anaambiwa neno lilelile: kunywa maji mengi. "Kaka, nikiyanywa nitayatoa wapi? Mashine haisimami, na kwenda chooni mpaka supavaiza akubali." Nilimjibu kwa kirefu, kisha nikaona nimwage yote hapa, maana najua mko wengi.

Kwanza niwape ya kwangu.

Niliingia kwenye kiwanda kimoja cha unga hapa Dar nikiwa kijana wa mpira, winga wa kulia mtaani kwetu Gongo la Mboto, na waulizeni wazee wa pale, hakuna beki aliyenikamata. Kazi yenyewe ilikuwa kushona midomo ya viroba na kuvipanga. Vumbi la unga halitishi mtu. Ni chakula, linanukia vizuri, linawageuza weupe mpaka kope, mnachekana. Mapafu ndiyo hayajui kwamba kile ni chakula. Barakoa zilikuwepo, tena boksi zima, ila zilitoka stoo siku wakaguzi wanapokuja na zilirudi stoo wakiondoka.

Kikohozi kikaanza. Kwanza cha usiku, kisha kifua kinabana, kisha nikipanda ngazi natoa mlio. Nikapima makohozi, hakuna TB. Nikapewa dozi, nikapewa nyingine. Kila nilipokaa mbele ya daktari maswali yalikuwa yaleyale: unavuta? Unakunywa? Mimi mtoto wa mzee wa kanisa, sivuti wala sinywi, na walivyoniangalia nilijua hawaniamini.

Katikati ya hayo kiwanda kikafanya siku ya afya. Akaja mgeni na kompyuta yake, akatuonyesha picha za mafuta ya chipsi na za moyo uliovimba, akasema magonjwa haya ni mtindo wa maisha, kila mtu achague mtindo bora, tutembee angalau nusu saa kwa siku. Watu waliopiga makofi walikuwa wa mstari wa mbele, wa ofisini. Nyuma kule tulikuwepo sisi tuliotoka shifti ya usiku tukazuiwa kwenda kulala ili ukumbi ujae. Na mimi asubuhi ile, kama siku nyingi za mwisho wa mwezi, nilikuwa na safari ya kurudi Gongo la Mboto kwa miguu kwa sababu nauli imekwisha. Fulana waliyotupa sikuivaa hata siku moja. Niliiacha kwa fundi baiskeli.

Aliyeniokoa alikuwa tabibu kijana wa zahanati ya mtaani. Hakuanza na sigara. Aliniuliza, "Unafanya kazi gani?" Nikamwambia. Akauliza tena, "Siku ya ofu unakohoa hivi?" Hapo nikakaa kimya, maana ni kweli Jumapili kifua kilikuwa kinaachia, na nilipokwenda msibani Kisarawe nikakaa siku kadhaa, nililala usingizi wa mtoto. Akanieleza kuwa pumu inaweza kuletwa na kazi, na kwamba vumbi la unga linajulikana kwa hilo, wasagaji na waoka mikate wanaugua hivyo dunia nzima. Akaniandikia barua nihamishwe kitengo.

Supavaiza aliisoma akanirudishia. "Kibarua hana barua."

Kesho yake jina langu halikuwa kwenye rosta. Ya katikati nayaruka, ni njaa tu na haina hadithi. Mungu si Athumani, walipokosa mtu wa mizani anayejua hesabu waliniita, nikarudi kama karani. Mshahara ulizidi kidogo sana. Niliendelea kuishi kwenye chumba kilekile cha kupanga, nikila ugali uleule. Lakini nilikuwa na kiti, na dirisha, na choo nisichokiombea ruhusa, na magari yakijaa niliweza kuwaambia madereva wasubiri ninywe chai. Kifua kikatulia. Leo nasimamia stoo na ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, na yule supavaiza ananisalimia kwa mikono miwili.

Ndiyo maana sikushangaa niliposoma habari za London. Mwaka 1967 watafiti walianza kuwafuatilia watumishi wa serikali wanaume wapatao 18,000. Wote wana ajira, wote wana mshahara, hospitali wanatibiwa bure. Lakini wa daraja la chini kabisa, matarishi na walinzi wa milango, walikufa kwa ugonjwa wa moyo kiasi cha mara tatu kuliko wakubwa wa daraja la juu. Mkasema ni sigara? Kweli wa chini walivuta zaidi, lakini watafiti walipoondoa hesabu ya sigara, presha na mengineyo, sehemu kubwa ya pengo ilibaki palepale. Profesa Michael Marmot na wenzake wakaanza uchunguzi wa pili mwaka 1985, safari hii wanawake wamo, na ukaonyesha kuwa asiye na sauti juu ya kazi yake mwenyewe huugua moyo zaidi. Baadaye Marmot aliongoza tume ya Shirika la Afya Duniani kuhusu mambo haya, na Charity Ngilu, aliyekuwa waziri wa afya wa Kenya, alikuwa mjumbe wake. Ripoti ilitoka mwaka 2008. Sijawahi kuiona imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kiwanda chochote.

Sasa ushauri. Ndugu zangu, mkienda hospitali semeni kazi mnayofanya. Hata usipoulizwa, sema. Sema ni vumbi gani, dawa gani, unasimama saa ngapi, unapata choo au hupati. Angalia ugonjwa unafanyaje siku ya ofu, nalo ulitaje. Halafu omba liandikwe. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao anauchangia mwajiri peke yake, unahusika na magonjwa yatokanayo na kazi pia, si vidole vilivyokatika tu, lakini pasipo daktari kuunganisha ugonjwa na kazi hutafika popote. Kwa hiyo narudia, sema kazi yako.

Na acheni kuogopa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili, nusu ya pili kwa nusu mshahara. Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo una saa nzima ya mapumziko. Kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Mnajua kwa nini vibarua wanasimamishwa wakifikisha miezi mitano kazini na kuitwa tena baadaye? Kwa sababu likizo yenye malipo inaanza kwa aliyefikisha miezi sita. Wasichowaambia ni kwamba ukifanya kazi kwa mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, na vipindi vikijumlishwa vikazidi miezi sita, haki hiyo ni yako. Tunzeni vile vikaratasi vya malipo, jamani. Msifungie maandazi.

Ukiachishwa kazi una siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, na kwa migogoro mingine ni siku 60. Wengi wanaonipigia wamekaa nyumbani miezi minne wakisubiri kuitwa. Ipo fomu ya kuomba usamehewe kuchelewa, ila inataka sababu ya maana, na "sikuijua sheria" haimo.