Wengi walikubali, mbona hoja ilianguka?

Ndugu yangu, umeuliza imekuwaje Sinodi Kuu, yaani baraza la kutunga sheria la Kanisa la Uingereza, ikatae maaskofu wanawake mwaka 2012 ilhali wajumbe wengi walisema ndiyo. Usijumlishe kura zote kapu moja. Sinodi ile ina nyumba tatu: maaskofu, makasisi na walei (waumini wasio makasisi), na jambo zito kama lile lilihitaji theluthi mbili katika kila nyumba. Maaskofu walivuka, makasisi wakavuka. Kwa walei, 132 walikubali na 74 wakakataa. Zikapungua kura 6 tu!

Iliwauma wengi, nami nilisikitika, lakini bado naona kizingiti hicho ni cha haki, maana wachache hawaburuzwi.

Julai 2014 hoja ilirudi, ikapita nyumba zote tatu. Hata hapo haikuwa sheria bado. Lile ni kanisa la taifa, kwa hiyo ilibidi Bunge liridhie, kisha Malkia. Libby Lane akawekwa wakfu Januari 2015, askofu wa kwanza mwanamke wa kanisa hilo.

Basi ukisoma habari za sinodi, tafuta kwanza jambo linahitaji wingi upi, halafu uangalie kura za kila nyumba peke yake, hasa walei.