Maswali ya Wasomaji: Mbona Bonde la Nyando Halina Matao ya Mawe?

Kwako Mhariri. Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu picha ya daraja la reli la mawe huko Uingereza, lenye matao ishirini na kitu yaliyopangana kama milango ya jumba moja refu. Nilipomwambia kwamba hata reli yetu ilijengwa na Waingereza hao hao, zama za Malkia Victoria, aliniuliza mbona basi madaraja ya huku ni vyuma vitupu vilivyosimama juu ya miguu mirefu. Nilikosa la kumjibu, kwa maana mawe hayajawahi kutupungukia. — Mwalimu mstaafu, Fort Ternan

Kwa jinsi ulivyoieleza picha hiyo, Mwalimu, yaelekea ni daraja la Ribblehead, kaskazini mwa Uingereza, lenye matao 24, urefu wa mita 400 hivi na kimo cha mita 32 pale palipoinuka zaidi. Lilianza kujengwa mwaka 1870, na kazi ya uashi ikachukua takriban miaka minne. Mjukuu wako aikumbuke miaka hiyo minne, kwani sehemu kubwa ya jibu imo humo: hilo ni daraja moja tu. Reli yetu ilianzia Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, na tarehe 20 Desemba 1901 ikagusa maji ya ziwa hapa Kisumu, mji uliokuwa ukiitwa Port Florence. Hizo ni zaidi ya kilomita 900 katika miaka mitano na ushei. (Malkia mwenyewe hakuwahi kupata habari kwamba reli imefika, alifariki Januari mwaka huo huo.)

Sehemu iliyowatoa jasho wahandisi ni hiyo hiyo mnayoishi, kwenye Bonde la Nyando. Kutoka Mau Summit, penye mwinuko wa mita 2,500 hivi, hadi ziwani penye mita 1,134, njia inateremka kupitia Londiani na Kipkelion, ambayo zamani iliitwa Lumbwa, hadi Fort Ternan na Muhoroni, na mteremko wote umekatwakatwa na makorongo. Yalihitajika madaraja marefu 27. Lau kila moja lingejengwa kwa matao ya mawe, pangehitajika machimbo, wachongaji kwa mamia, tanuri za chokaa na, zaidi ya yote, kiunzi cha mbao chini ya kila tao hadi tao lijifunge. Chuma hakidai hayo. Kinakatwa na kutobolewa kiwandani, kila kipande kinatiwa namba, kinateremshwa bandarini Mombasa, kisha kinapanda juu ya reli ile ile inayokisubiri.

Hapo ndipo utakapomshangaza mjukuu wako. Madaraja hayo 27 hayakutengenezwa na Waingereza. Kazi ilipewa kampuni ya Marekani, American Bridge Company, iliyokubali kuyaleta mapema na kwa bei nafuu kuliko kampuni za Uingereza, jambo lililozua manung'uniko mengi kule London. Kwa hiyo anapopita chini ya miguu hiyo ya chuma, anatazama kazi ya Mmarekani iliyolipiwa na Mwingereza na kusimamishwa bara Afrika.

Tena usidhani kwamba Uingereza yenyewe ilikuwa bado inang'ang'ania mawe. Enzi ya fahari ya matao ya mawe ilikuwa katikati ya karne ya 19: Ballochmyle kule Scotland, ambalo tao lake la kati lina upana wa mita 55, lilikamilika mwaka 1848, na daraja la Berwick lenye matao 28, kazi ya mhandisi Robert Stephenson, lilifunguliwa na Malkia Victoria mwenyewe mwaka 1850. Kufikia 1890 Scotland ilikuwa imejenga Forth Bridge kwa chuma cha feleji. Na kati ya 1897 na 1901, miaka ile ile ambayo reli yetu ilikuwa ikielekea ziwani, daraja la Glenfinnan lilijengwa kwa zege, ingawa kwa umbo bado lina matao 21. Mimi binafsi naliona Glenfinnan kuwa zuri kwa mbali kuliko kwa karibu, kwani zege halina uso wa jiwe lililopigwa patasi.

Mhariri, ni nini kinachoyazuia mawe ya tao yasianguke, ilhali hayana nondo ndani? — Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Nakuru

Ni uzito wake wenyewe unaoyazuia. Jiwe huvumilia sana kubanwa, lakini halivumilii kuvutwa. Ukililaza jiwe refu juu ya nguzo mbili kama boriti na kulipakia mzigo, upande wake wa chini unavutwa, na hapo ndipo linapopasuka. Katika tao, kila jiwe huchongwa liwe pana juu na jembamba chini, hivi kwamba haliwezi kuporomoka bila kuwasukuma jirani zake kando. Mzigo unapozidi, mawe yanazidi kukazana. Jiwe la mwisho la kileleni likishaingia, kiunzi cha mbao kinaweza kulegezwa pole pole na kuondolewa.

Lakini tao lina deni moja: linasukuma nje, upande huu na upande ule. Kwenye daraja la matao mengi, msukumo wa tao moja hukutana na msukumo wa jirani yake juu ya nguzo, ikabatilishana, na nguzo ikabaki na kazi ya kubeba uzito unaoshuka wima tu. Ndiyo maana nguzo zinaweza kuwa nyembamba. Hatari yake waijua mtu akivuta kitabu kimoja kutoka katika safu iliyoegemeana: tao moja likianguka, la pili hukosa mwenzake wa kusukumana naye, kisha la tatu. Wajenzi wa Ribblehead walilitazamia hilo, na kila nguzo ya sita waliifanya nene kupita kiasi, ili ajali ikitokea ile matao sita, isile 24. Tazama picha tena uzihesabu.

Je, daraja la reli la huku kwetu laweza kulindwa kisheria kama urithi? — Msomaji, Muhoroni

Laweza. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo au mahali kuwa turathi kupitia Gazeti rasmi la Serikali. Uingereza hutumia orodha yenye madaraja mbalimbali ya umuhimu (lugha yetu imetuwekea daraja la daraja), na Ribblehead limo katika ngazi ya pili kutoka juu.

Nimepewa kazi ya kuzibua na kukarabati kalvati ya zamani ya mawe shambani. Mwenye kazi anataka nijaze viungo vyote kwa simiti. Nifanyeje? — Fundi mwashi, Kibos

Mshauri aache, fundi. Adui wa jengo la tao ni maji yaliyokosa njia ya kutokea. Katika miaka ya 1980 Ribblehead lilikaribia kufungwa pamoja na njia yake nzima, kwa sababu maji yalikuwa yamepenya kutoka juu na gharama ya matengenezo ilitajwa kuwa kubwa mno. Serikali ilikataa kuifunga njia hiyo mwaka 1989, na daraja likakarabatiwa. Viungo vya chokaa ni laini kuliko jiwe, huacha unyevu utoke, na vikichoka hubadilishwa. Simiti ni ngumu kuliko jiwe, hivyo unyevu hulazimika kutokea kwenye jiwe lenyewe, na baada ya misimu kadhaa uso wake huanza kubanduka.

Anza kwa kuzibua matundu ya kutolea maji. Kwangua viungo vilivyooza kwa patasi na nyundo, usitumie mashine ya kukatia, hadi kina kiwe mara mbili ya upana wa kiungo. Tumia chokaa iliyochomwa na kuzimwa kwa maji, pamoja na mchanga mkali uliooshwa; ile ya kunyunyizia shamba ni jiwe lililosagwa tu, haishiki. Lowesha mawe kabla ya kujaza, kisha funika kazi kwa magunia mabichi, uyamwagilie kila siku kwa wiki moja au zaidi, maana jua la Kibos likiiwahi chokaa kabla haijakomaa, itageuka unga.