Mche hauishii chupani

Kijana wa mwisho kuletwa kwangu kujifunza kazi aliniuliza swali kabla hajatua mkoba: "Dada, jeni tunabadilisha lini?" Nikampa brashi na sabuni, nikamwonyesha karai la chupa. Wiki mbili nzima aliosha chupa. Alininunia, lakini kila asubuhi alikuja.

Nawaandikia nyinyi mlio kama yeye, mnaoingia kazi ya bioteknolojia ya kilimo hapa Mombasa huku kofia ya mahafali haijapoa. Mmechora DNA mpaka mkono ukauma, mkadhani kazi ndiyo hiyo. Lakini nyingi ya bioteknolojia inayomfikia mkulima wa Pwani haigusi jeni hata moja. Ni migomba ya tishu kalcha, yaani iliyooteshwa chupani kutoka kipande kidogo cha mmea, mihogo iliyosafishwa virusi, bakteria wa kupaka kwenye mbegu za kunde na pojo.

Nianze na maji, maana ndiyo yaliyonitia aibu ya kwanza. Visima vya kisiwani vina chumvi, hata chai inakwambia. Mwaka wangu wa kwanza mtambo wetu wa kukenekea maji uliharibika, nami kwa haraka zangu nikachuja maji ya kisima nikapikia midia, ule uji wa aga (unga wa mwani unaogandisha) wenye sukari na madini tunaooteshea vipande vya mimea. Kanuni tunayoanzia waliitoa Murashige na Skoog mwaka 1962, na kila chumvi ndani yake imepimwa. Mimi nikaiongezea ya Mombasa. Baada ya siku kumi vichipukizi vilikuwa vya manjano, ncha zimekauka. Hakuna aliyenigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

Mengine ya midia mtayazoea: pH, kipimo cha uchachu, iwe 5.8, kisha otoklevu, chungu cha mvuke wa shinikizo kinachoua vijidudu, nyuzi 121 kwa dakika 15. pH ikishuka mno aga haigandi, mnabaki na mchuzi. Sukari ni gramu 30 kwa lita, kwa sababu mmea wa chupani haujilishi wenyewe, unalishwa. Karamu hiyo hiyo kuvu na bakteria wanaitamani, na ndiyo maana nyenzo yenu kubwa ni spiriti, jiki na moto, pamoja na kufunga mdomo mnapokata. Mkiwa na umbea, subirini saa ya chai.

Chupa ikiharibika msiikimbize jaani. Itazameni kwanza. Ukungu ukiota juu ya aga, mbali na kipande, aghalabu umetoka mkononi mwenu au hewani. Utando kama maziwa ukianzia pale kipande kilipogusana na aga, basi uchafu umekuja ndani ya mmea wenyewe, na hata mnawe spiriti hadi viwikoni hautaondoka. Andikeni kwenye chupa tarehe, jina la aliyekata na mgomba mama. Bila hayo mtalaumiana bure.

Na stima. Ilipotea Ijumaa jioni, jenereta haikuwaka, na Jumatatu tukakuta rafu nzima imevaa manyoya ya kijivu. Chupa zilikuwa zimefungwa, sasa ukungu ulipitia wapi? Joto likipanda, hewa ya chupani hutanuka ikatoka. Likishuka usiku, hewa ya nje hunyonywa ndani, na hewa ya Mombasa haiji peke yake. Tangu siku hiyo nambari ya askari wa zamu naijua kwa moyo, naye ana yangu.

Lakini penye hasara kubwa si maabara. Ni pale mche unapotoka. Nilipeleka migomba Shimba Hills, mizuri, ya kijani inayong'aa, nikamkabidhi mama mmoja mwenye shamba, tukaipanda siku hiyo hiyo. Siku ya nne akanipigia simu. Nilipofika, majani yalikuwa yamelala chini kama nguo zilizoanguka kamba. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akanishika mkono mpaka shambani. Akasema, "Mwanangu, mtoto hajatoka arubaini ushamtembeza juani."

Hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza jambo hili vizuri hivyo. Jani lililokulia chupani limezoea unyevu kama wa hamamu. Halijajenga ile nta ya juu inayozuia maji, na vitundu vyake vya kupumulia havijui kujifunga. Ukilitoa ghafla linakauka huku mizizi iko ndani ya maji. Kwa hiyo arubaini ni lazima, na kwa mgomba mara nyingi inapita siku arubaini. Osheni aga yote kwenye mizizi kwa maji vuguvugu, kwani sukari ikibaki kuvu wanaifuata. Pandeni kwenye vikopo, funikeni kwa plastiki chini ya neti ya kivuli, kisha fungueni kidogo kidogo, leo saa moja, kesho mbili. Wengi hapa tunapandia vumbi la makumbi, ambalo ni rahisi na linashika maji. Ila ulizeni limetoka wapi. Makumbi yaliyofukiwa ufuoni kwa kutafuta usumba yamejaa chumvi ya bahari. Yasuuzeni mara tatu, nne, hadi ladha ya chumvi iishe majini. Ndiyo, onjeni.

Mche ukishasimama, semeni ukweli juu yake. Mgomba wa tishu kalcha ni msafi: hauji na minyoo ya mizizi wala fukusi waliojificha kwenye chipukizi la jirani. Msafi si sugu. Mkiupanda kwenye udongo wenye ugonjwa wa Panama, ule mnyauko unaoletwa na kuvu wa udongoni, na aina yenyewe haiuwezi, utaugua kama ndugu zake. Nimewasikia wauzaji wakiapa kuwa "za tishu haziugui", kisha wakulima wanatugeuzia uso sisi sote.

Muhogo una hila zaidi. Ugonjwa wa michirizi kahawia uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1936 Amani, huko Usambara, si mbali na sisi. Batobato, ugonjwa mwingine wa virusi vya muhogo, utaiona kwenye jani lililokunjamana, lakini huu wa michirizi waweza kukaa kimya, shina zuri, jani zuri, na siku ya kung'oa ukakuta ndani ya mzizi uozo mkavu wa kahawia. Nzi weupe wanaueneza, na sisi tunauvusha kwa vipandikizi tunavyopeana kwa wema. Maabara inausafisha kwa kuutia mmea joto na kukata ncha ndogo sana ya kilele. Kisha ukirudishwa katikati ya mashamba yaliyougua unaambukizwa tena, basi msigawe mihogo safi kabla hamjazungumza na majirani wa shamba.

Hapo ndipo mtakapoulizwa kuhusu GMO, mimea iliyobadilishwa jeni, na mtaulizwa hata soko la Kongowea mkinunua mbatata. Msihubiri, na msikimbie swali. Kenya ina sheria yake tangu 2009. Uagizaji wa vyakula vya GMO ulipigwa marufuku 2012, baraza la mawaziri likaondoa marufuku Oktoba 2022, mambo yakaenda mahakamani. Muhogo uliobadilishwa jeni ili ustahimili michirizi kahawia ulipata idhini ya NBA, mamlaka ya taifa ya usalama wa kibayolojia, mwaka 2021, uendelee na majaribio ya kitaifa. Waambieni hivyo, kisha waambieni miche yenu ni ya aina gani. Mimi binafsi ule muhogo ningeupanda. Mama yangu hataki hata kuusikia, na bado tunakula pamoja.

Kuhusu bakteria wa kunde niseme moja tu: wako hai. Pakiti ikisafiri nyuma ya pikipiki juani hadi Kinango, mnapeleka vumbi. Mkunde ukianza kutoa maua, chimbeni taratibu, kateni kwa ukucha kinundu cha mzizi, ambamo bakteria hao huishi na kuupatia mmea nitrojeni. Kikiwa chekundu kama nyama ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe, rudini mkaulize pakiti ilikaa wapi.

Yule kijana wangu wa karai sasa anakata mwenyewe. Juzi aliniletea chupa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya kipande palikuwa na utando wa maziwa.

"Dada, hii si mkono wangu. Imekuja na mgomba."

Nikamwuliza mgomba mama gani. Akageuza chupa, akasoma, akaenda rafuni kuzitoa zote zenye nambari ile.