Madini ya risasi, folati na jeni za mtoto: la kufanya kabla ya mimba

SWALI: Naishi Mikindani, si mbali na Owino Uhuru, na tunapanga kupata mtoto. Je, madini ya risasi yaliyoingia mwilini mwangu zamani yanaweza kuharibu jeni za mtoto? Kuna chakula cha kurekebisha? – Msomaji, Mikindani

JIBU: Dada yangu, umeuliza wakati unaofaa. Mengi ya haya huamuliwa kabla ya mimba na katika wiki zake za mwanzo, mama asipojua bado kwamba ni mjamzito.

Jeni zenyewe si lazima ziharibike. Juu ya DNA, kemikali inayobeba jeni, hukaa alama ndogo za kemikali, methili, zinazosaidia kuzima jeni au kuipunguzia kazi. Mwili huziunda kwa virutubisho vya chakula: folati (vitamini B9), vitamini B12 na kolini. Mimba ikitunga, nyingi hufutwa na kuwekwa upya, hivyo upungufu wa siku hizo unaweza kudumu. Waholanzi waliotungwa mimba wakati wa njaa ya 1944–45 walipopimwa miaka 60 baadaye, jeni yao ya IGF2, inayohusika na ukuaji, ilikuwa na methili chache kuliko ya ndugu zao. Risasi nayo imehusishwa na mabadiliko ya alama hizi kwa watoto wachanga, lakini linalonitia wasiwasi zaidi ni lile lililothibitika kabisa: inadhuru ubongo wa mtoto.

Kiwanda cha kuyeyusha betri pale Owino Uhuru, chanzo cha risasi hiyo, kilifungwa 2014, ila risasi hujificha kwenye mifupa kwa miongo. Mimba ikidai kalsiamu, mfupa huachia kalsiamu pamoja na risasi, nayo huvuka kondo la nyuma bila kizuizi. Kwa hiyo anza na kipimo cha damu ya mshipa. Damu ya kidole huchafuliwa na vumbi la ngozi na kutoa jibu la uongo. Ikifika mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kipimo kirudiwe.

Nyumbani, piga deki kwa maji badala ya kufagia kavu, viatu viachwe mlangoni, na usilime mchicha kwenye udongo wa eneo lile. Acha kula udongo na mawe ya kutafuna. Wanja wa unga usio na maelezo ya viungo uuache pia, kwani baadhi hutengenezwa kwa madini ya risasi.

Asidi ya foliki, yaani folati ya vidonge, mikrogramu 400 kila siku, anza sasa, usingoje kliniki: mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto, unaohitaji folati, hufunga siku 28 hivi baada ya mimba kutunga. Mbaazi, kunde na mchicha vina folati nyingi, ila ukimwaga maji uliyochemshia umeimwaga nayo. Mayai yana kolini. Samaki wana B12. Pendelea dagaa, wanaoliwa na mifupa yao yenye kalsiamu, kuliko papa anayekusanya zebaki. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina kalsiamu miligramu 300 hivi, nawe unahitaji 1,000 hadi 1,200 kwa siku. Vidonge vya madini chuma usivimeze na maziwa wala chai. Acha saa mbili katikati.

Vipimo vya alama za jeni vinavyouzwa mtandaoni usivinunue. Havina jibu la kumsaidia daktari kukutibu.

Ikiwa unatumia dawa za kifafa, una kisukari, au uliwahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, mikrogramu 400 hazitoshi. Mwone daktari kabla ya kushika mimba, kwani kwa kawaida huandika miligramu 5, na dawa za kifafa usiziache mwenyewe.